Macho ya Serikali na Haki ya Mwananchi wa Tana

Hotuba iliyotolewa mjini Garsen mbele ya wanaharakati wa haki na washirika wa makanisa



Tumeombwa tuseme juu ya uhuru wa raia, upelelezi wa Serikali na haja ya kuzirekebisha sheria. Mada hii ikizungumzwa Nairobi huanzia kwenye simu ya mkononi. Huelezwa jinsi mazungumzo yanavyonaswa, na jinsi mtu anavyoweza kufuatwa kwa alama za simu aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Tutayafikia hayo. Lakini mwananchi wa Tana alikuwa akitazamwa na Serikali kabla ya simu, kabla ya lami, na kabla ya bendera tuliyonayo. Tukianza na simu tutakuwa tumeiruka sura nzima ya kwanza ya kitabu.

Sura hiyo iliandikwa mwaka 1902, kwa sheria ya wakoloni juu ya wilaya za pembezoni, ikaongezwa makali mwaka 1934 kwa sheria ya utawala wa wilaya maalumu. Wilaya ya Tana River ilitiwa ndani ya mpango huo pamoja na nchi ya kaskazini, Lamu, Samburu na Kajiado. Wilaya ya namna hiyo ilikuwa wilaya iliyofungwa: kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa mkononi mwa mtawala. Sheria ya 1934 ilikwenda mbali zaidi. Ilimwezesha mtawala kulihesabu kabila zima kuwa adui, kisha kuwakamata watu wa kabila hilo na kuichukua mali yao, na mali ya mfugaji ni ng'ombe. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba fulani bin fulani ameiba au ameua. Ilitosha kwamba amezaliwa.

Wapo Wakenya wengi wanaodhani kwamba sheria hizo zilishushwa pamoja na bendera ya Mwingereza. Sivyo. Zilikaa vitabuni kwa miaka 34 ya Uhuru. Zilifutwa mwaka 1997, katika mageuzi yaliyopatikana baada ya watu kupigwa virungu barabarani, na hata ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, ambako polisi waliingia tarehe 7 Julai mwaka huo wakawapiga watu waliokuwa wakiomba.

Sasa twende Hola, juu ya mto huu. Wakati wa Hali ya Hatari palikuwa na kambi ya kizuizi pale. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na askari wa kambi kwa kukataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya Serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, na sisi mawakili tunapenda kuikumbusha sababu yake. Sheria ya wakati ule, pamoja na ubaya wake wote, ilitaka kifo cha mfungwa kichunguzwe mbele ya hakimu. Maiti zilikaguliwa, mashahidi wakaulizwa, majeraha yakasema yenyewe. Jambo hilo likafika hadi Bunge la Uingereza, likajadiliwa mwezi Julai mwaka huohuo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, lakini dunia ilijua.

Miezi ya mwanzo ya Uhuru ilitukuta na vita vya shifta. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki. Mwaka 1966 Katiba ikabadilishwa ili uwezo wa Rais wa kutawala kwa amri uvuke mpaka wa mkoa ule na kufika katika wilaya nne za jirani: Isiolo, Marsabit, Lamu na Tana River. Kanuni zilizotungwa mwaka huohuo ziliwapa maafisa uwezo mpana wa kukamata, kupekua na kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Na ndani ya kanuni hizo palikuwa na jambo moja dogo kwa maneno, kubwa kwa matokeo: ule wajibu wa kuchunguza kifo mbele ya hakimu uliondolewa kwa mtu aliyekufa mikononi mwa vikosi vya usalama. Yaani mlango uleule uliotumika kuufichua uongo wa Hola chini ya Mwingereza ulifungwa na Serikali yetu wenyewe, miaka 7 baadaye, katika wilaya ileile.

Kilichofuata ndicho kiini cha mazungumzo yetu leo. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kinga, Sura ya 44. Sheria hii inasema kwamba hakuna kesi itakayofunguliwa dhidi ya afisa wa Serikali au askari kwa jambo alilolitenda kwa nia njema, au katika kulinda usalama wa umma, kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, ndani ya eneo lililotajwa. Na eneo lililotajwa ni Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Hatuongezi neno. Jina la mto tunaokunywa maji yake limeandikwa katika sheria ya nchi, si kwa ajili ya mfereji wala daraja, bali kuwaambia watu wake kwamba kwa miaka ile hawana wa kumshtaki. Mkulima wa Kirinyaga aliyepigwa na askari mwaka 1965 aliweza kwenda mahakamani. Mkulima wa Ngao hakuweza.

Wengine watatuambia kwamba ni mambo ya zamani. Mwaka 2010 Bunge lenyewe liliona si ya zamani, likapitisha mswada wa kuifuta sheria hiyo. Rais Kibaki alikataa kuutia sahihi. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikapendekeza tena ifutwe. Sheria ikipendekezwa kufutwa mara mbili na isifutwe, basi kuna mtu ambaye bado ina faida kwake. Nasi tunaona faida yenyewe: ni mfano. Afisa anayetumwa Garsen leo hahitaji kuisoma Sura ya 44. Anairithi kama desturi ya kazi, kwamba hapa ni mahali ambapo mtu hutenda na haulizwi.

Tutoe mfano mwingine wa desturi hiyo. Mwezi Novemba 1989 Serikali ilitangaza kuwakagua Wakenya wote wenye asili ya Kisomali, ili waliopita mtihani wapewe kadi ya pili juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Katika wilaya hii watu wa jamii ya Galje'el walinyang'anywa vitambulisho, na wapo waliosukumwa kuvuka mpaka. Mtu asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti, hasafiri kutoka Garsen kwenda Malindi bila kuteremshwa kizuizini na kuachwa kando ya barabara. Jamii hiyo ilidai kadi zake kwa miaka mingi, na Tume ya Ukweli iliyasikia malalamiko yao. Neno kipande ni la babu zetu, waliokivaa shingoni kwa amri ya Mzungu. Wajukuu wao wakajikuta wanaomba kwa machozi wapewe kipande. Mwezi Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa ukaguzi wa pekee wa vitambulisho kwa watu wa mipakani. Tunaupokea. Lakini tangazo la Rais hutenguliwa kwa tangazo la Rais mwingine, na ndiyo sababu tunataka jambo hilo liandikwe ndani ya sheria.

Washirika wa makanisa wanaijua habari ya Danieli. Wakubwa wa nchi walitafuta kosa kwake wakalikosa, wakatunga sheria iliyoyafanya maombi yake kuwa kosa, kisha wakaenda kumvizia akiomba. Tunaomba mwangalie mpangilio wa mambo: sheria ilitungwa kwanza, upelelezi ukafuata. Na mfalme alipotaka kumwokoa mtumishi wake aliambiwa kwamba sheria haibadiliki.

Ndivyo ilivyokuwa Kenya ya chama kimoja. Mwezi Juni 1982 Kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba, na kuanzia hapo kuwa na chama kingine kukawa kosa. Kachero aliyeketi kanisani na daftari lake hakuwa akivunja sheria. Sheria ilikuwa imemkalisha pale. Mwaka 1988 hata kura ilifanywa jambo la kutazamwa: watu walipanga mlolongo nyuma ya picha ya mgombea, mbele ya macho ya chifu na ya mwajiri wao, na kila mmoja akajulikana amesimama wapi. Gazeti la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Makanisa, lilipoandika juu ya uchaguzi ule lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya Mkuu wa Wilaya. Karatasi moja mfukoni iliweza kuitwa uchochezi.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mwaka huohuo amri za pekee za kaskazini nazo zikaondolewa. Mwaka 1997 leseni ya mikutano ikageuzwa kuwa taarifa tu, kosa la uchochezi likatolewa katika Kanuni ya Adhabu, kizuizi bila mahakama kikaondolewa katika Sura ya 57, na uwezo wa chifu wa kumtoza raia kazi ya lazima ukafutwa. Wapo waliosema wakati ule kwamba mageuzi hayo yalikuwa kiini macho cha kumwezesha Rais Moi kushinda uchaguzi wa Desemba. Huenda hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya waliokubali. Sheria mbaya iliyofutwa kwa nia mbaya imefutwa vilevile, na sisi hatuwezi kuidharau. Tunachosema ni kwamba walioketi mezani mwaka 1997 waliyafuta maneno mengi wakaacha macho yalivyo. Idara ya upelelezi ilipata jina jipya na sheria yake mwaka 1998, na jina jingine tena na sheria nyingine mwaka 2012, lakini swali la raia wa Garsen lilibaki bila jibu: anayenitazama hujibu kwa nani?

Mwaka 2012 ulilijibu swali hilo kwa damu.

Hatutasema hapa nani alianza. Waliokufa wana ndugu zao katika ukumbi huu, wa pande zote. Tutasema yale ambayo nchi nzima inayajua. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri na watu wapatao 52 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ya hapo palikuwa na mifugo iliyokatwa na mashamba yaliyoharibiwa, na visasi vya hapa na pale. Na kabla ya hapo palikuwa na mapigano ya mwaka 2001, yaliyotokana na mpango wa kupima ardhi bila kukubaliana juu ya malka, zile njia za ng'ombe kuyafikia maji. Hakuna mtoto wa delta hii ambaye hakujua kwamba moto unanuka. Tarehe 7 Septemba kikavamiwa Chamwanamuma. Tarehe 10 Septemba kikavamiwa Kilelengwani, wakauawa watu wasiopungua 38, wakiwemo askari polisi. Siku hiyo ndipo Rais alipotangaza amri ya kutotoka nje usiku, na vikosi vikaletwa kwa malori. Na hata baada ya vikosi kuletwa, tarehe 21 Desemba kilivamiwa Kipao, wakafa watu zaidi ya 30.

Sasa tuulize kama wanasheria wanavyouliza. Katika miezi ile minne, Serikali ilikosa nini? Haikukosa macho. Ilikuwa na chifu na naibu wa chifu katika kila kata, ilikuwa na polisi wa utawala, ilikuwa na maafisa wa idara ya ujasusi ambao hapa Garsen watu huwatambua kwa viatu vyao. Ilikuwa na wazee waliokwenda ofisini kueleza hofu yao. Mamba naye huwatazama wachotao maji kila asubuhi, wala hakuna anayesema kuwa anawalinda. Macho yalikuwepo, kilichokosekana ni wajibu. Hakuna sheria iliyomtia hatiani afisa kwa habari aliyoipokea akaiweka sandukuni. Mwananchi wa Tana amechungwa kwa zaidi ya miaka 100 kama mshukiwa, na mshukiwa akija kulalamika kwamba anakaribia kuuawa, malalamiko yake huandikwa katika faili lake mwenyewe.

Baada ya mauaji ndipo nguvu ilipoonekana, na ikaonekana kwa wasiohusika. Palikuwa na malalamiko ya wanakijiji kupigwa katika misako. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti yake mwaka 2012 juu ya siku 29 za hofu katika delta. Tume ya uchunguzi ya Jaji Grace Nzioka nayo iliteuliwa mwezi Septemba mwaka huo. Tunadai kila mama aliyefiwa Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao asomewe yaliyoandikwa na tume hizo, kwa lugha anayoielewa, kijijini kwake, na afisa aliyesimama mbele yake akijibu.

Tunajua mtakalotuuliza, kwa sababu tumeulizwa kila mahali. Je, Al-Shabaab? Ni swali la haki na hatutalikwepa. Mwezi Juni 2014 Mpeketoni ilichomwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Usiku wa tarehe 5 Julai mwaka huohuo kituo cha polisi cha Gamba, hapo jirani yetu, kilivamiwa. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilipoteza watu 148, na siku iliyofuata Tana River ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje pamoja na Garissa, Wajir na Mandera. Wauaji hao wapo. Serikali isiyowapeleleza haifai kuitwa serikali, na mwanaharakati anayesema kwamba upelelezi wote ni uovu hajawahi kulala Gamba.

Lakini fikirini jinsi habari zinavyopatikana. Mchunga ng'ombe anayekutana na vijana wageni porini wenye mizigo mizito ndiye mwenye habari kuliko mtambo wowote. Ataipeleka wapi? Akienda kituoni anaogopa kuulizwa alikuwa akifanya nini porini. Akimwambia mjumbe wa Nyumba Kumi, mpango ulioletwa mwaka 2013, anaogopa kwamba mjumbe ni wa ukoo mwingine na wana kesi ya shamba. Basi hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakoitwa ushirikiano na magaidi. Sheria inayomlinda mchunga huyo dhidi ya afisa ni sheria ya usalama kuliko bunduki kumi zaidi. Na kwa Nyumba Kumi tunasema wazi: jirani kumjua jirani ni jambo jema na la asili yetu, jirani kuandika habari za jirani bila kanuni yoyote inayosema anaandika nini, anampa nani, na aliyeandikwa atajiteteaje, ni mlolongo wa 1988 uliorudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa tufike kwenye simu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja kwa jina faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Ujasusi ya mwaka 2012 inaruhusu haki hiyo ipunguzwe, na inataka kibali cha Mahakama Kuu. Hapo hatuna ugomvi. Mwezi Desemba 2014, miezi michache baada ya Mpeketoni, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Usalama katika kikao cha fujo na kurushiana maji. Upinzani na Tume ya Haki za Binadamu wakaenda mahakamani, na mwezi Februari 2015 majaji watano wakafuta vipengele 8, vikiwemo vya kuvibana vyombo vya habari na vya kuweka kikomo cha wakimbizi. Lakini waliacha kisimame kile kinachoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi, kwa kanuni zitakazotungwa na Waziri na kupitishwa na Bunge.

Tunaheshimu uamuzi wa mahakama, na tunasema haukutosheleza. Jaji anayetoa kibali husikia upande mmoja tu, kwa siri, na inampasa iwe siri. Tatizo ni baada ya hapo. Aliyesikilizwa simu yake na kuonekana hana hatia haambiwi kamwe. Sheria imeweka Bodi ya Malalamiko ya Ujasusi, jambo jema kabisa. Lakini mtu atalalamikaje juu ya asilolijua? Ni kama kuwekewa kisima jangwani na kamba ikafichwa. Tunataka sheria iseme kwamba baada ya muda, upelelezi ukiisha bila mashtaka, mhusika aarifiwe, isipokuwa jaji aamue vingine kwa sababu zilizoandikwa. Tunataka idadi ya vibali vilivyoombwa, vilivyotolewa na vilivyokataliwa itangazwe bungeni kila mwaka. Idadi tu, bila majina. Na kampuni ya simu inayotoa kumbukumbu za mteja wake bila amri ya mahakama ijue kwamba inaweza kushtakiwa pamoja na aliyeziomba.

Haya si ya kubahatisha. Mwaka 2019 wananchi waliitwa kujiandikisha kwa Huduma Namba, na fomu ya sheria iliruhusu hata vinasaba na mahali hasa mtu anapolala vichukuliwe. Mashirika ya haki, yakiongozwa na Wanubi ambao nao wanaijua taabu ya vitambulisho, yakaenda mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikayafuta hayo mawili. Mwaka 2024 vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, watu walianza kutoweka, wakichukuliwa na wasiojitambulisha katika magari yasiyo na namba za kuaminika. Kufikia mwisho wa mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu mwezi Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajaonekana. Nairobi ilishtuka. Tulisikitika pamoja nao; ila tuliwaambia wenzetu wa Nairobi kwamba Lamu, Garissa na Tana zilikuwa zimeyalilia mambo hayo kwa miaka, na kilio kikaishia Malindi.

Mtatuuliza nini kifanyike, na ninyi si watu wa kuridhika na maazimio. Kwa Bunge tunapeleka ombi moja lililo mbele ya yote, nalo ni kufutwa kwa Sheria ya Kinga ya 1970, pamoja na tamko kwamba waliodhulumiwa kati ya 1963 na 1967 wanaweza kusikilizwa bila kuambiwa kwamba muda umepita. Makanisa na misikiti yana nafasi ya pekee hapa. Wazee walioyaona mambo yale wanazikwa mmoja mmoja, na kumbukumbu zao zinazikwa nao. Kila usharika uteue watu wawili wenye mwandiko mzuri, waende kwa wazee hao, waandike. Hati ya kiapo ya mzee wa miaka 80 ni ushahidi. Hadithi aliyoisimulia mjukuu wake matangani si ushahidi.

Kwa ninyi wenyewe, kuna mambo ambayo hayangojei Bunge. Mkutano wa hadhara hauombewi ruhusa. Hutolewa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14, na nakala iliyogongwa mhuri huwekwa. Akikataa kuipokea, andikeni saa na jina lake mbele ya mashahidi wawili. Mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, kwa mujibu wa Kifungu cha 49, isipokuwa saa hizo ziishe wakati mahakama imefungwa, ndipo hufikishwa siku ya kwanza ya mahakama. Asipoonekana, haki ya kuiomba mahakama iamuru aletwe mbele yake ni mojawapo ya haki nne ambazo Kifungu cha 25 kinasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ya usalama. Zamani ombi hilo lilimaanisha safari ya mbali. Leo Mahakama Kuu inakaa hapa Garsen. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za kimsingi, na kanuni za mwaka 2013 zinaruhusu kuanza kwa barua ya mkono. Haihitaji Kiingereza wala wakili.

Basi mtu wenu akichukuliwa, kabla ya kulia na kabla ya kupiga simu kwa mwanasiasa, chukueni karatasi. Andikeni jina lake kamili na namba ya kitambulisho kama anacho. Andikeni siku, saa na mahali. Sare au nguo za waliomchukua. Rangi ya gari na namba zake, hata kama ni za uongo. Majina ya watu wawili walioona kwa macho yao wenyewe. Msiandike mlichosikia. Nakala moja ipelekwe kituo cha polisi na iandikwe katika kitabu cha matukio, ya pili iende kwa karani wa mahakama, ya tatu ibaki kwa mchungaji au imamu ambaye si wa ukoo wenu. Tumeleta mfano wa barua hiyo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nao uko kwa katibu pale mlangoni. Kila mmoja achukue nakala mbili, ya pili ampe jirani wa ng'ambo ya mto.